Utepe wa Njano kwenye Korongo la Mwewe

Ukimuuliza Pyo Mal-sun njia ya kupanda Mlima Maebong, hakuchorei ramani wala hakuambii kata kushoto, kata kulia. Anakutazama kuanzia viatu mpaka kofia, anaguna, anasema, "Fuata utepe," halafu anarudi kwenye kazi yake. Ukirudia swali, basi balaa umejitafutia mwenyewe, usije ukasema hukuambiwa.

Utepe wenyewe ni wa njano, mwembamba, umechapwa jina la Klabu ya Wapanda Mlima ya Soko la Deokgok. Kila klabu ya nchi hii ina tepe zake, na huzifunga kwenye matawi ili wanaokuja nyuma wasipotee. Ziko njia panda ambazo miti yake imejaa rangi kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini pale Maebong, hata wageni wanaoshuka kwenye mabasi kutoka Seoul hutafuta wa njano kwanza. Wa njano haujawahi kumpoteza mtu. Maneno hayo aliyasema Mal-sun mwenyewe, mara nyingi, bila kuulizwa.

Na kwa nini asiseme? Tepe alizichapa yeye, kwenye duka lake la mabango lililo mkabala na stendi ya basi. Mji mzima ulipita mikononi mwake. Mtoto wa fulani amefaulu mtihani, bango. Bibi wa fulani anatimiza miaka mia, bango. Mbolea imeshuka bei, bango. Wagombea wa uchaguzi wanatabasamu kwa meno yote, mabango barabara nzima, na hao aliwachapia huku akiwasema. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi, na kujiamini kwake kulijaa duka lote. Watu walimpenda kwa hilo, na wachache walimchukia kwa hilo hilo.

Mlima lakini hakuutafuta yeye. Aliburutwa. Mumewe alipofariki, Mal-sun alifunga duka, akalala akiutazama ukuta. Hakula, hakuoga, simu hakupokea. Aliyekuja kumtoa ni Ok Hwa-ja, jirani yake wa pale pale sokoni, mkamuaji wa mafuta ya ufuta, mwanamke mfupi mwenye mikono ya bondia.

"Vaa viatu," Hwa-ja alimwambia.

"Dada, niache. Sitaki."

"Nimekuuliza kama unataka? Nimesema vaa viatu."

Akampandisha Maebong akimsukuma kwa nyuma kama mkokoteni. Kule kileleni Mal-sun alilia mpaka kamasi zikamtoka, na Hwa-ja hakusema pole wala nini. Alimenya yai la kuchemsha, akamtia mkononi, akamwambia kula. Jumapili iliyofuata Mal-sun ndiye aliyesimama mlangoni kwa Hwa-ja, viatu tayari miguuni. Klabu ilianza hivyo, watu wawili na yai. Tangu siku ile, kama kuna mtu ambaye Mal-sun angekubali kumfia, ni huyo dada asiyezaliwa naye.

Kumtania hakuacha, hata hivyo, maana Hwa-ja alikuwa na kasoro moja: miwani. Kila siku ameisahau. Mkahawani: "Nisomee wana nini leo, mdogo wangu, miwani nimeiacha dukani." Stendi: "Lile basi linakwenda wapi? Macho yangu haya, we acha tu." Mal-sun humsomea, kisha anamchamba: "Hiyo miwani ifunge kamba kama mbuzi, dada, itakuja kuolewa huko unakoiacha." Hwa-ja hucheka mpaka mabega yakatikisika, na habari ikaishia hapo.

Mwaka ninaousema mimi, mwanzoni mwa Machi, theluji ilipoanza kulainika, Bwana Tak aliingia dukani. Ni askari wa hifadhi ya mlima, mtu wa makamo, mrefu, mpole kupita kiasi kwa mtu aliyevaa sare.

"Bosi, nimefuata bango langu la kila mwaka."

"Mawe yanaporomoka, njia imefungwa, herufi nyekundu," Mal-sun alimmalizia bila kuinua macho. "Nikuwekee na fuvu la kichwa? Fuvu mwaka huu natoa bure."

"Bosi, safari hii si utani. Korongo la Mwewe limekuwa baya. Maji yaliganda ndani ya nyufa majira yote ya baridi, sasa barafu inayeyuka na mawe yanalegea. Vijiwe vimeshaanza kushuka."

"Vijiwe vinashuka kila mwaka. Na bango lako mnaliacha pale mpaka mwezi wa saba, watu wanapanda na kaptula, njia kavu, bango limepauka na buibui wamejenga. Nani atakuamini? Hata mimi nikilipita silisomi."

Hapo alimpata. Bwana Tak alijikuna kisogo, akakubali.

"Kosa letu, kweli. Ndiyo maana nina ombi la pili. Tepe zako, bosi. Zile za korongoni. Nakuomba uzitoe."

Mashine ilikuwa inanguruma. Mal-sun akaizima.

"Hebu rudia."

"Watu hawatazami bango langu. Wanatazama utepe wako."

Mtu mwingine angesikia sifa ndani ya maneno hayo. Mal-sun alisikia tusi. "Njia ya korongo niliifungua mimi, Bwana Tak, wewe hujapewa bado hiyo kofia. Inaokoa magoti ya wazee wangu, wasipande ngazi zenu za chuma zisizokwisha. Haijamwangushia mtu hata kokoto. Njoo uchukue bango lako Ijumaa, na hapo mlangoni kuna kizingiti, angalia usijikwae."

Bwana Tak aliinamisha kichwa, akaaga kwa adabu zote, akatoka. Mal-sun akawasha mashine tena. Akachapa MAWE YANAPOROMOKA, NJIA IMEFUNGWA, akarudi nyuma hatua kuyatazama maandishi, akaridhika jinsi yalivyokaa sawa. Ya maana yake hakujishughulisha nayo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ule ilikuwa siku ya sadaka ya mlima. Hakuna klabu inayojiheshimu inayoanza mwaka bila sadaka: kichwa cha nguruwe, keki za mchele, pombe nyeupe ya mchele, watu wanapiga magoti kileleni na kuomba mguu wa mtu usivunjike mpaka mwaka uishe. Na nguruwe lazima awe anatabasamu, ndiyo bahati ya mwaka. Hwa-ja alizunguka mabucha yote ya mji kumtafuta wa hivyo, akampata mmoja aliyecheka mpaka macho yamefumba. Jumamosi alipita dukani kujitapa naye. Akamkuta Mal-sun kalala chini ya mashine, mikono imejaa wino, kwa sababu mashine ilikuwa imegoma na shule ya msingi inasubiri bango la sherehe yake.

"Mdogo wangu, kesho tunapita wapi? Kichwa hiki kizito, utadhani kimejaa mawe."

"Tangulieni tu. Nikimaliza bango la watu nitawafikia."

"Nimeuliza njia, sikuuliza bango."

"Fuata utepe, dada! Leo ndiyo nianze kukufundisha?"

Aliyekuwa amemkera ni mashine, si Hwa-ja. Lakini alisema, na Hwa-ja akaondoka na neno hilo.

Kesho yake asubuhi alimkabidhi mwalimu bango, akavaa viatu, akaupanda mlima mbio mbio. Kupanda anajua, msimchezee. Aliwapita vijana waliokuwa wamekaa wanahema, akawaambia, "Kazeni, wajukuu, mlima haubebi mtu." Barafu iliyobaki kivulini ilikuwa imeoza, ukiikanyaga inatema maji.

Akafika njia panda. Kushoto zile ngazi za chuma. Kulia Korongo la Mwewe, na mdomoni mwake bango lenyewe, limefungwa kwa kamba kati ya misonobari miwili, maandishi mekundu, kubwa kama shuka la kitanda. Chini yake matope yalikuwa yamevurugwa kwa nyayo na matundu ya fimbo za kupandia. Watu wake walikuwa wameinama wakapita chini ya kamba. Na juu ya bango, kwenye tawi, utepe wa njano ulikuwa unapepea.

Sitasema uongo: kitu cha kwanza alichokisikia moyoni ni raha. Serikali imeandika, na watu wamemfuata Mal-sun! Alitamani Bwana Tak awepo pale ajionee. Akainama, akapita naye.

Raha ile haikufika mbali. Kwenye kona ya kwanza alikuta mawe katikati ya njia ambayo wiki iliyopita hayakuwepo, yamevunjika upya, ndani meupe, hayajashika hata vumbi. Mbele kidogo msonobari mmoja aliouvalisha utepe kwa mkono wake ulikuwa umekatika kiunoni, na utepe umelala kwenye matope. Mal-sun akasimama. Ndipo akasikia changarawe zikimiminika mahali fulani juu, zikanyamaza, zikaanza tena. Akainua kichwa. Jiwe la Mwewe, lile kubwa kama nyumba lililotokeza kwenye ukuta wa korongo, lilikuwa limeachana na ukuta. Katikati ya jiwe na mlima ilionekana anga.

Na chini ya jiwe lile ndipo pa kupumzikia. Aliyepachagua ni yeye. Alipafunga tepe nyingi mahali pamoja, shada zima, na klabu nzima inajua maana yake: hapa tua mzigo, keti, kula.

Alikimbia kama mwehu.

Aliwakuta wote wamekaa. Mikeka imetandikwa, mikoba imetuliwa, kichwa cha nguruwe kimewekwa juu ya jiwe bapa kinacheka. Hwa-ja alikuwa anamimina pombe.

"Mwenyekiti huyoo! Umechelewa, bakuli lako limeshanywewa!"

"Inukeni. Acheni kila kitu, tushuke."

"Keti kwanza upumue, uso umekuwa mweupe kama keki ya mchele."

"Nimesema inukeni! Jiwe linakuja!"

Wakacheka. Na hilo nalo alijitakia mwenyewe. Mtu anayetania kila siku, siku anasema kweli nani atamjua? Fundi viatu wa sokoni alinyoosha shingo akatazama juu, akasema jiwe lile lipo pale tangu enzi za babu yake. Hwa-ja akainua bakuli. "Mdogo wangu, utepe wako ndio huu, uko juu ya kichwa changu. Tumeufuata kama ulivyosema. Sasa unatufukuza kwa lipi?"

Mal-sun akaona kwa maneno hatawapata, kelele zake walishazizoea. Akaukanyaga mkeka wa chakula na viatu vyake vya matope, jambo ambalo hata mlevi halifanyi, akalishika lile shada la njano kwa mikono miwili, akaling'oa. Tawi likatoka nalo. Akang'oa na zilizobaki, akazitupa chini, akazisigina.

Mwanamke huyu aliwahi kugombana na klabu ya mji wa jirani mpaka wakaacha kusalimiana, kisa utepe mmoja uliosogezwa tawi la pili. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akitoa wake. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kusimama, na hakuokota hata kofia. Wengine wakamfuata, wakashuka wameshikana mikono penye utelezi, hakuna anayeuliza swali.

Hwa-ja akageuka. "Kichwa!"

"Dada, wee!"

"Nimezunguka mabucha yote kwa ajili ya..."

Mal-sun alimdaka kiunoni kwa nyuma, akaanza kumsukuma kuteremka.

"Nimesema nakichukua!"

"Nimekuuliza kama unataka? Nimesema shuka!"

Wamepita kona tu, mlima ukanguruma. Ardhi ilitikisika chini ya nyayo zao, vumbi likaja kwa nyuma likawafunika wasionane. Mal-sun alikuwa amemlalia Hwa-ja, kichwa cha dada yake amekibana kifuani. Vumbi lilipotua aliwahesabu watu, kisha akawahesabu tena kwa kuwagusa mmoja mmoja. Walikuwepo wote. Pale walipokuwa wameketi hapakuonekana mkeka, wala bakuli, wala nguruwe, ni mawe matupu.

Walifika njia panda, wakajibwaga chini ya bango. Hofu ilipomtoka Mal-sun, hasira ikaingia, na hasira yake ikamwendea aliyempenda kuliko wote.

"Hawa wengine nawajua, vichwa maji, wamelidharau. Lakini wewe dada ndiye uliyetangulia! Bango lote hili hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukalisoma, ukapita?"

Hwa-ja alikuwa anajipangusa vumbi mikononi, polepole, kidole kwa kidole. "Sikulisoma."

"Miwani! Mara ngapi nimekuambia hiyo miwani..."

"Sina miwani, Mal-sun. Sijawahi kuwa nayo. Kwetu waliopelekwa shule ni kaka zangu. Mimi nilibaki nimembeba mdogo wetu mgongoni. Bango mimi naona rangi tu, na rangi nyekundu wanatangazia hata viatu vya bei ya chini. Lakini njano yako naijua. Ile najua ni wewe unaniambia njoo."

Mal-sun aliinua macho kwenye bango alilolichapa mwenyewe. Zilimjia stendi zote, mikahawa yote, na ile kamba ya mbuzi. Miaka yote mabango yake yamening'inia juu ya kichwa cha Hwa-ja, na hakuna hata moja lililomwambia neno. Na siku Hwa-ja alipomfuata amwambie kwa mdomo, alimjibu kutoka chini ya mashine kwamba afuate utepe. Akajifunika uso kwa mikono yake yenye wino, akalia kwa sauti mbele ya klabu nzima.

"Basi, wewe," Hwa-ja alimwambia. "Wa kulia ni mimi niliyemtafuta nguruwe. Mlima umeshindwa kusubiri, umeshuka wenyewe kumchukua."

Fundi viatu akaguna, akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko, na wote wakaangua. Chupa moja ya pombe ilikuwa imesalimika mfukoni mwa koti la mtu. Waliimimina chini ya bango, wakapiga magoti kwenye matope, wakasujudu kuelekea korongoni. Wapanda mlima waliopita wakielekea ngazini waliwashangaa watu wazima wanaoliabudu tangazo la serikali.

Siku ya pili yake Mal-sun alimwendea Bwana Tak ofisini, hakuzunguka. "Ulisema kweli, nilikosea mimi. Sirudii tena kusema, kwa hiyo usikie vizuri." Walizitoa tepe za korongoni pamoja, zile zilizofikika bila hatari. Naye Mal-sun akamtaka aahidi: bango litakaa wakati njia ni mbaya, na ikiwa nzuri litang'olewa siku hiyo hiyo. Bwana Tak aliahidi, na mwezi wa sita wazee walipolikuta halipo, walianza kuliheshimu kuliko lilipokuwepo.

Na jioni, maduka yakifungwa, Hwa-ja alikuwa anakaa sakafuni kwa Mal-sun juu ya mabango yaliyoharibika, herufi kubwa kama sahani, anazipitisha kidole.

"Hii ina tumbo kama marehemu mume wangu."

"Mpite marehemu, dada, usome inayofuata."

"Unapenda kuamuru, wewe."

"Nimejifunza kwa nani?"

Machi ikarudi. Siku ya sadaka klabu ilikuta kundi la wageni kutoka mjini limesimama njia panda, viatu vipya, kiongozi wao bwana mmoja mwenye sauti nzito, ameshainua kamba ya bango kwa mkono mmoja.

"Bwana, hapo pamefungwa," Hwa-ja alimwambia.

"Aa, bibi, haya mabango yapo kila mwaka."

Hwa-ja akatua mzigo wake, kichwa cha nguruwe mwingine mwenye kucheka, akalisogelea bango. Akaweka kidole juu ya kitambaa. Akaanza kusoma kwa sauti, kipande kwa kipande, akikwama, akirudi nyuma, akiendelea. Mawe. Yana. Poro. Moka. Watu wakasubiri. Ulimi ulimwasha Mal-sun kutaka kumsaidia, akauuma, machozi yanamlenga. Hwa-ja alisoma mpaka herufi ya mwisho, kisha akamgeukia yule bwana, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeinua kamba.

"Mimi nimesoma," alisema. "Sasa soma na wewe."

Yule bwana akaiachia kamba.